Paka Hali Kama Jana

Siku Selina alipomleta yule paka nyumbani kwake, mtaa wa Pasiansi, alikuwa amembeba mgongoni kwa khanga, kichwa tu kinachungulia begani. Jirani yake Ngosha alikuwa amekaa nje anashona wavu. Alinyanyuka, akasogea kwenye ua wa minyaa uliotenganisha nyumba zao.

"Shemeji, umejifungua lini?"

"Leo asubuhi."

"Mbona mtoto ana ndevu?"

"Kachukua kwa baba yake. Acha utani, ni mgonjwa huyu. Ana sukari."

Ngosha alicheka mpaka akashika kiuno. Kwetu huku ugonjwa huo hatuupi jina refu. Tunasema tu sukari: fulani ana sukari, fulani sukari imemla mguu. Kwa Ngosha ilikuwa ni maradhi ya watu wenye vitambi na magari. Akasema kama paka naye kaipata, basi kuku wa Selina nao wajiandae kwa presha.

Ngosha hakuwa shemeji wa ukoo. Alikuwa mvuvi mwenzake Machibya, marehemu mume wa Selina, na hata Machibya alipozikwa jina la shemeji likabaki palepale. Mke wa Ngosha naye alikuwa ametangulia. Kwa hiyo walikuwa wawili, kila mtu na nyumba yake na sufuria yake, na katikati ule ua ambao hakuna aliyeung'oa wala aliyeuacha ukarefuka, wasije wakashindwa kuonana.

Paka alitoka Kirumba, soko la dagaa la Mwaloni. Aliyemwokota ni Parin, mama mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye ukoo wao umefanya biashara Mwanza tangu enzi za babu wa babu. Parin ana huruma ya paka. Huwaokota, huwatibu, kisha huwatafutia watu wa kuwalea. Huyu alimkuta anakunywa maji ya mtaro bila kukoma, mbavu nje, na miguu ya nyuma ameilaza chini anatembea kwa visigino kama mzee aliyevaa malapa yasiyomtosha. Kumbe miaka yote aliishi kwenye banda la chai, akila maandazi na kulamba vikombe.

Selina alikuwa amekwenda dukani kufuata vitambaa vya kushonea mashuka. Akamkuta daktari wa mifugo, Nestory, amemtoboa paka sikio anapima damu. Kipimo kilishindwa hata kutaja namba, kikaonyesha tu kwamba sukari imepita kiasi.

"Huyu anataka sindano asubuhi na jioni, na chakula chake maalumu," alisema Nestory. "Paka asiye na kwao, nani atamfanyia hayo? Mimi ningeshauri tumchome ile ya kulala moja kwa moja."

Parin aligeuka akatazama rafu za vitambaa. Nyumbani kwake paka walikuwa wamejaa, na wakubwa wanawapiga wadogo.

"Mama Hasham," Selina akamwambia Parin, "nipe mimi nimlee mpaka atengemae."

"Mama Hellen, utaweza?" Parin aliuliza.

"Sijui. Lakini kama atakufa, afe akiwa na kwao."

Basi hivyo ndivyo Mwaloni alivyokuja Pasiansi, maana jina walilompa ni hilo la sokoni alikotoka.

Selina hakuwa na friji. Chupa ya dawa aliiweka ndani ya kikombe chenye kifuniko, kikombe akakiacha kielee ndani ya mtungi wa maji, pembeni ya dirisha panapopita upepo wa ziwani. Nestory alimfundisha kwamba dawa ile haitikiswi. Unaizungusha taratibu kati ya viganja, kama mtu anayeviringa tonge bila haraka. Paka akishakula, unamshika ngozi ya mgongoni, kati ya mabega, unaivuta juu ikawa kama hema dogo, unachoma chini yake. Na amri kubwa kuliko zote: asipokula, hachomwi. Dawa inashusha sukari. Ikikuta tumbo tupu inaishusha mpaka kumtoa roho.

Ngosha hakuweza kutazama. Saa ya sindano aligeuzia uso ziwani. Lakini furu alileta, wale samaki wadogo wa ziwani, wabichi kabisa, huku analalamika kwamba hajaona paka wa Usukumani aliyekatazwa ugali.

"Hata mgeni kutoka Ulaya tunampa ugali!"

"Mgeni kutoka Ulaya hakojoi kitandani kwangu," alijibu Selina.

Jioni, Mwaloni akishachomwa, wazee hao walikaa kila mtu upande wake wa ua wakitegana vitendawili. Ndio ulikuwa mchezo wao, na walikuwa na ushindani kama watoto.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ana mdomo mmoja na mkia mmoja, hanywi mpaka umvute mkia."

Ngosha alifikiri ng'ombe, akafikiri pampu ya kisima, akafikiri mtu mmoja wa kule Buhongwa ambaye sitamtaja.

"Nipe mji," Selina akasema.

"Chukua Magu."

"Magu niliichukua juzi. Umesahau kwamba unaishi kwa kupanga?"

"Basi chukua Kisesa."

"Kisesa nina shangazi, atakula kodi yote. Haya, nimekubali. Ni bomba la sindano."

"Aa! Lile linalonitisha! Ungeniambia mapema nikajiandaa." Kisha naye akatega: "Shati langu matobo matupu, kutwa nalishona na matobo siyazibi."

"Wavu," alijibu Selina hata kabla hajamaliza. "Wewe kila siku unatega wavu. Tafuta kazi nyingine upate vitendawili vipya."

Mwaloni alilala katikati, chini ya minyaa, mkia kwa Ngosha na kichwa kwa Selina.

Akaanza kupata nafuu. Kwanza maji. Bakuli lililokuwa linakauka mara kwa mara likaanza kushinda na maji yake. Kisha manyoya. Kisha siku moja Selina akamwona anavuka uani akiwa amesimama kwa vidole, siyo visigino tena. Na asubuhi moja hakumwona kabisa. Alitafuta chini ya kitanda, jikoni, bandani kwa kuku, mpaka Ngosha alipomwita kwa sauti ya chini.

"Shemeji. Tazama juu."

Uani kwa Selina kuna jiwe, kama ilivyo kwa nusu ya nyumba za Mwanza, jiwe kubwa kuliko jiko, ambalo Machibya alijenga akilizunguka kwa kushindwa kuling'oa. Mwaloni alikuwa amekaa juu yake, anaota jua na kulitazama ziwa kama mwenye mali.

Selina alimpigia simu Parin palepale.

"Mama Hasham, kapanda jiwe!"

"Jiwe gani?"

"La uani! Kapanda mwenyewe, kwa miguu yake!"

Parin alipiga kelele za furaha. Kisha akasema kuna familia moja kule Isamilo wameuliza paka, na kama Mwaloni ametengemaa wangeweza kumchukua.

"Bado hajatengemaa," Selina akasema.

"Mama Hellen, si umesema kapanda jiwe?"

"Alipanda vibaya vibaya."

Parin akacheka. "Haya, nimeelewa. Ni wako."

Siku ileile Selina alimshonea kitanda kwa vipande vya mashuka.

Halafu taarifa ya msiba ikaja kutoka Kisesa. Shangazi yake Selina, dada wa baba yake, wa mwisho aliyekuwa amebaki katika wazee wa ukoo, amefariki. Hapo hakuna udhuru. Parin alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam. Aliyekuwepo ni Ngosha.

"Mimi?" alisema Ngosha. "Mimi nikiona sindano natamani mama yangu."

"Siwezi kumbeba mgongoni mpaka msibani, shemeji."

Alimfundisha kwa chungwa. Ngosha alilichoma chungwa lile mpaka likalowa, jasho likimtoka puani. Walipofika kwa paka mwenyewe alifumba jicho moja, akachoma, na Mwaloni hata hakugeuka. Ngosha akakaa chini na kumsifu Mungu.

"Sasa nisikilize," Selina akamwambia akiwa na mkoba mkononi. "Asipokula usimchome. Ukiwa na mashaka, niulize kwanza."

"Asipokula nisimchome. Nikiwa na mashaka nikuulize kwanza."

Aliirudia kama mtoto anayetumwa dukani.

Jioni ile alimpigia simu. Furu wote wamekwisha, sahani imelambwa, sindano imeingia, mgonjwa yuko juu ya jiwe. Selina alilala kwenye mkeka na wafiwa wenzake akiwa na amani, pamoja na kilio.

Kesho yake ndiyo siku ya kuzika. Asubuhi Ngosha aliweka furu kwenye sahani, Mwaloni akainusa, akaondoka. Alikwenda kukaa mlangoni kwa Selina akitazama kitasa. Ngosha akamsogezea sahani palepale mlangoni. Akageuza uso. Ngosha akamtolea miiba, akamsihi, akamtukana kidogo. Hakugusa.

Hapo akakumbuka amri ya kuuliza. Akaona kumpigia mtu simu akiwa kwenye kilio ni utovu wa adabu. Akavaa miwani, akaandika ujumbe, herufi moja moja.

Kule Kisesa mwili ulikuwa umeletwa uani kuagwa, na Selina yupo kwenye mstari, mbele yake wamebaki watu wachache. Simu ikatetemeka kifuani alikoiweka. Akaichungulia chini ya mtandio.

*Shem paka hali kama jana. Nimchome?*

Jana ilikuwa njema. Jana alimaliza sahani. Kama hali yake ni kama ya jana, Mungu ashukuriwe. Akaandika *Mchome*, akairudisha simu kifuani, akasogea kumuaga shangazi yake.

Ngosha alipopata jibu alikuna kichwa. Lakini alikuwa ameuliza, na mwenye paka amejibu. Akaizungusha chupa kati ya viganja kama alivyofundishwa, akafumba jicho moja.

Walikuwa wametoka makaburini, watu wananawa ili wale, simu ilipoita.

"Shemeji, nisamehe. Huyu mtu anatetemeka."

"Mtu gani?"

"Mwaloni. Anatembea kama mlevi. Amejigonga kwenye jiwe, sasa amelala na macho yako wazi."

"Asubuhi alikula kiasi gani?"

"Kula? Si nilikwambia hali!"

Selina alikuwa amekinga mikono, binti mmoja anammiminia maji. Maji yakaendelea kumwagika juu ya viatu vyake. Hali. Hali kama jana. Hali chakula kama alivyokula jana. Neno moja, naye akalipokea kwa upande wa heri kwa sababu ndio upande alioutaka.

"Mpe sukari!" akapiga kelele. Waombolezaji wakageuka. "Ngosha, mpake sukari mdomoni, kwenye fizi, sasa hivi!"

"Sukari? Shemeji, si ndiyo ugonjwa wake?"

"Mpe!"

"Una majonzi, mama, hebu tulia kwanza..."

"Ngosha, mpe sukari!"

Simu ikakatika. Alipopiga tena iliita bila kupokelewa. Akampigia Nestory. Naye alikuwa Buhongwa kwenye ng'ombe wa mtu, akasema anawasha pikipiki, na akarudia neno lilelile: sukari, haraka. Selina aliwaaga wafiwa bila kula, jambo ambalo wanalisema mpaka leo, akashuka barabarani kutafuta gari la kurudi Pasiansi.

Alimkuta Ngosha amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye jiwe, paka mapajani. Mwaloni alikuwa anapumua, lakini kwa mbali, kama mtu anayekumbuka kupumua kila baada ya kitambo. Midomo yake ilikuwa na unga mweupe.

"Nilimpa," alisema Ngosha. "Nilimpa, shemeji, na nikamrudia tena. Haamki."

"Mwaloni," Selina akaita.

Sikio moja likageuka. Lile lililotobolewa na kipimo.

Akapiga magoti. Hapo ndipo alipoliona kopo dogo, karibu na mguu wa Ngosha. Alilichukua akalisoma, na mara hii alisoma kila neno mpaka mwisho. Ulikuwa ule unga wa kutia chai utamu, wa wagonjwa. Kopo lenyewe lilisema: hauna sukari.

"Nilikimbia mpaka duka la dawa," Ngosha akaeleza, naye bado anahema. "Nilijua tu umesema sukari kwa haraka, lakini huyu huwezi kumpa sukari yetu hii ya dukani, ungemmaliza. Nikawaambia nataka ile ya wagonjwa wa sukari. Usiogope. Nilimpa ya kwake."

Selina alimtazama. Mzee wa watu alikuwa pekupeku. Viatu alikuwa ameviacha njiani, na kidole gumba kinatoka damu.

"Umefanya vizuri," akasema. "Ngoja tumwongezee."

Akaingia ndani, akachota sukari yake mwenyewe, akaikoroga kwa maji kidogo, akarudi nayo kwenye kijiko. Akampaka Mwaloni kwenye fizi, juu na chini, akimwita. Akampaka tena. Ulimi ukasogea. Koo likapanda na kushuka, amemeza. Wote wawili wakainama, vichwa vinakaribia kugongana, wakisubiri ameze tena.

Hakumeza tena.

Nestory alifika na matope ya zizini kwenye buti. Akamgusa paka jicho, akaweka sikio ubavuni, akavua kofia.

"Niliambiwa juzijuzi alipanda jiwe, si ndiyo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi alikuwa anapona. Wengine hupona mpaka hawahitaji sindano tena. Mwili ukishaanza kupona, dozi ile ile ya kawaida inakuwa kubwa kwake. Na tumbo lilikuwa tupu." Akainama akaokota kopo, akaligeuza asome, akafungua mdomo.

Selina alinyoosha mkono akalichukua.

"Ngosha alimpa sukari mapema, daktari," alisema. "Nilimwagiza nikiwa Kisesa, akampa hapohapo."

Nestory alimtazama yeye, akamtazama Ngosha na kidole chake cha damu.

"Kilichotakiwa kufanywa kilifanywa," akasema. Akaenda kunawa.

Ngosha alikuwa ametoa simu, ameiweka mbali na uso kwa kuwa miwani ilikuwa imeanguka huko njiani.

"Ningeandika hajala," alisema. "Hajala! Mtoto wa darasa la kwanza angeandika hajala."

"Neno lako halikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyelisoma nusu."

"Lakini mimi ndiye niliyechoma."

"Ulichoma kwa sababu nilikwambia mchome. Tusigombane, shemeji. Tumzike kabla giza halijaingia."

Ardhi ya pale ni mawe matupu. Ngosha alichimba kwake, upande wa ziwani, ambako udongo unakubali. Selina aliuliza kama wamfunge na kipande cha wavu.

"Wavu hapana," Ngosha akajibu. "Atadhani amevuliwa."

Selina akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. Akavua kitenge alichozikia shangazi yake, akabaki na gauni, wakamviringisha humo.

Parin alipiga simu akiwa Dar es Salaam, kabla hata hawajanawa udongo. Selina alimweleza yote ya ule ujumbe, na kwamba kosa la kusoma ni lake. Upande wa pili kulisikika tu mtu anajikaza asilie.

"Si alikufa akiwa na kwao?" Parin akauliza mwishowe.

"Alikuwa na kwao, Mama Hasham."

"Mwambie nilikimbia," Ngosha akanong'ona pembeni. "Mwambie sukari nilimpa."

"Ngosha anasema alikimbia, akampa sukari."

"Mwambie ahsante," alisema Parin. "Mwambie ahsante sana."

Simu ilipokwisha walikaa palepale, juu ya udongo uliochimbuliwa, upande mmoja wa ua. Mashua za dagaa zilikuwa zinaanza kutoka na taa zao. Kopo lilikuwa mfukoni mwa gauni la Selina, linamchoma pajani kila akijigeuza.

"Shemeji," Ngosha akasema. "Ile sukari niliyompa. Unadhani ilimfikia?"

"Ilimfikia."

"Maana niliona kama alilamba."

"Alilamba, shemeji," alisema Selina, na mkono akauweka juu ya mfuko. "Hata mimi niliona."